Kushika: Historia ya Elimu Iliyofichika Mkononi

Katika lugha yetu ni machache maneno yabebayo mzigo mkubwa kama neno kushika. Mtoto mchanga hushika kidole cha mamaye kabla hajajua jina lake mwenyewe. Mwanafunzi hushika somo. Muumini hushika ibada. Na aliyeusiwa na wazee wake huambiwa ayashike maneno yao. Mkono na akili vimekutana ndani ya neno hili moja, wala hatuoni ajabu. Walakini tukiulizwa ni kitu gani hasa hutokea baina ya jicho kukiona kikombe cha kahawa na vidole kukizunguka, wengi wetu tutajibu kwa wepesi: akili huamuru, mkono hutii. Jibu hilo la bwana na mtumwa ni la kale sana. Makala haya ni historia ya jinsi lilivyobomoka, jiwe baada ya jiwe, katika muda wa miaka yapata mia mbili.

Siandiki kama tabibu. Nimeishi kwa kalamu na kwa kufasiri, na elimu niliyonayo nimejiokotea mwenyewe vitabuni. Lakini mshairi naye ana haki yake katika jambo hili. Sisi tuandikao tumezoea kujihesabu miongoni mwa watu wa akili, na kumhesabu seremala, mshona kofia na mvuvi miongoni mwa watu wa mkono. Na ndani ya mgawanyo huo mna dharau ambayo hatuitamki. Ikiwa mgawanyo wenyewe hauna msingi mwilini, basi ni wajibu wetu kujua ulivunjwa na nani, ukavunjwa lini, na gharama yake ililipwa na nani.

Ubishi ulianza mbali. Anaxagoras, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya 5 kabla ya Masihi, alishikilia kwamba mwanadamu amekuwa na akili kuliko wanyama wote kwa sababu amepata mikono. Aristotle, aliyekuja karne iliyofuata, aliipindua hoja: mwanadamu amepata mikono kwa sababu ana akili, kwani chombo hupewa yule awezaye kukitumia. Katika karne ya 2 baada ya Masihi, tabibu Galen alikifungua kitabu chake juu ya manufaa ya viungo vya mwili kwa kuusifu mkono, naye akasimama upande wa Aristotle. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9, na wafasiri waliofanya kazi pamoja na Hunayn ibn Ishaq, na kwa njia hiyo kikawafikia matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu. Jibu la Aristotle likasafiri namna hiyo kutoka lugha hadi lugha: akili kwanza, mkono baadaye.

Aliyelitikisa jibu hilo, pasina kukusudia, alikuwa Charles Bell, daktari mpasuaji mzaliwa wa Edinburgh. Mwaka 1833 alichapisha kitabu kizima juu ya mkono, nia yake ikiwa ni kuonyesha hekima ya Muumba katika umbo la kiungo hicho. Ndani yake alisimulia habari za mama mmoja aliyepatwa na maradhi ya kupooza wakati ananyonyesha. Upande mmoja wa mwili ulipoteza nguvu. Upande wa pili ulibaki na nguvu lakini ukapoteza hisia. Mama huyo aliweza kumpakata mwanawe kwa mkono uliobaki na nguvu, maadamu alikuwa akimtazama. Akivutwa na jambo jingine akageuza macho, misuli ya mkono ililegea kidogo kidogo, na mtoto akawa hatarini kuanguka.

Kisa hiki ni kifupi, lakini kina uzito wake. Mama yule hakukosa nguvu, wala hakukosa nia. Hapana mama atakaye mwanawe aanguke. Amri ilitolewa na misuli ikaisikia. Kilichokosekana ni habari za kurudi: mkono haukuweza tena kuueleza ubongo kwamba mtoto bado yumo, kwamba uzito wake ni huu, kwamba vidole vimeanza kulegea. Jicho likawa limefanya kazi ya kukaimu, na jicho likiondoka kazi inaharibika. Bell alikwisha kueleza mwaka 1826 kwamba baina ya ubongo na misuli pana duara la mishipa ya fahamu: mmoja hupeleka, mwingine hurudisha. Hapo ndipo ufa wa kwanza ulipoonekana katika jibu la bwana na mtumwa. Bwana asiyepata habari kutoka kwa mtumwa wake hana analoweza kulitawala.

Wataalamu waliofuata hawakuufuata ufa huo. Walikwenda kumtafuta bwana nyumbani kwake. Mwaka 1870, mjini Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig walifungua mafuvu ya mbwa na kuigusa sehemu ya mbele ya ubongo kwa umeme hafifu. Mguu wa upande wa pili ulitikisika. Kazi hiyo ilifanyika nyumbani kwa Hitzig, kwa kuwa chuo hakikuwa na mahali pa kuifanyia. Tangu mwaka 1873 David Ferrier, huko Uingereza, aliendelea na jambo hilo hilo kwa wanyama mbalimbali, wakiwamo kima, akaona kwamba kila mahali penye kuguswa huleta mwendo wake: hapa kidole, pale kifundo, kule mdomo. Watu walimsifu, na watu walimshitaki. Mwaka 1881 alifikishwa mahakamani London chini ya sheria ya 1876 iliyowahifadhi wanyama dhidi ya ukatili, na kesi ikaanguka ilipobainika kwamba upasuaji uliolalamikiwa ulifanywa na mwenziwe aliyekuwa na kibali. Ni vyema tuikumbuke kesi hiyo. Sehemu kubwa ya tukijuacho juu ya mkono na ubongo ilipatikana kwa njia moja kati ya mbili: kwa mnyama asiyeulizwa, au kwa mwanadamu aliyekwisha kupata msiba.

Ramani ya bwana ilikamilishwa mjini Montreal na Wilder Penfield, daktari aliyewapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa ganzi ya ngozi na fuvu tu, kwani ubongo wenyewe hausikii maumivu. Mwaka 1937, yeye na Edwin Boldrey walichapisha matokeo ya kuugusa ubongo wa watu wengi kwa umeme. Ramani hiyo ina umbo la kustaajabisha. Kiwiliwili chote, kifua na mgongo, kimepewa kipande kidogo tu; mkono umepewa uwanja mpana, na kidole gumba peke yake kina nafasi ambayo mgongo mzima hauna. Mwenye kuichora sura ya mwanadamu kwa vipimo hivyo atapata kiumbe mwenye viganja vikubwa kama matanga.

Lakini Penfield mwenyewe alibaki na jambo lililomtatiza hadi uzeeni. Alipougusa ubongo na mkono wa mgonjwa ukasogea, mgonjwa hakusema kwamba ameusogeza. Alisema kwamba si yeye, ni daktari. Mkono ulikuwa wake, ubongo ulikuwa wake, misuli ilikuwa yake, na bado hakukitambua kitendo kuwa chake. Basi mahali pale palipodhaniwa kuwa ni kiti cha bwana palikuwa ni mlango tu wa kutokea amri. Mpango wenyewe, ule ugeuzao mtikisiko kuwa kitendo, ulikuwa ukifanyika kwingine.

Njia ya kuutafuta mpango huo ilikuwa imekwisha kufunguliwa, tena pasipo kisu. Mwaka 1899, mjini New York, Robert Woodworth aliandika tasnifu juu ya usahihi wa mwendo wa hiari. Vyombo vyake vilikuwa penseli, karatasi iliyozungushwa, na chombo cha kupimia mapigo. Aliwataka watu wachore mistari ya urefu uliowekwa, mara kwa haraka, mara kwa taratibu, wakiwa wamefumbua macho au wameyafumba. Akaona kwamba mwendo wa mkono una sehemu mbili. Kwanza ni mrusho, uliokwisha kuamuliwa kabla mkono haujaondoka. Kisha ni masahihisho, yafanywayo karibu na mwisho kwa msaada wa jicho. Mkono ukienda taratibu, jicho hufaa sana. Ukienda mbio, aliyefumba macho na aliyefumbua hukosea sawasawa, kwani safari imekwisha kabla jicho halijapata nafasi ya kusema neno. Kila mshona nguo na kila mpiga ngoma aliyajua hayo, Woodworth aliyapima.

Sasa hatuna budi kwenda Moscow, na hapa wapenzi wa ushairi watanisamehe nikikaa kidogo, maana mwenye nyumba alikuwa mwenzetu. Aleksei Gastev alikuwa fundi wa vyuma na mshairi. Katika diwani yake ya mwaka 1918 aliyaimba mapigo ya nyundo na ving'ora vya viwanda, akitamani mwanadamu na mashine wawe mwili mmoja. Mwaka 1920 alianzisha Taasisi Kuu ya Kazi. Humo mfanyakazi alifundishwa kupiga nyundo kwa mwendo mmoja uliosanifiwa, pigo baada ya pigo, hata mkono wake ufanane na sehemu ya mtambo. Ili kuupata mwendo huo ulio bora kuliko yote, taasisi ilimtwaa mwaka 1922 daktari kijana aliyeitwa Nikolai Bernstein.

Bernstein alifunga taa ndogondogo begani, kiwikoni na kwenye kifundo cha mkono wa fundi, na juu ya nyundo, akazipiga picha kwa kasi kubwa wakati fundi akipiga tindo. Fundi huyo alikuwa amepiga nyundo maelfu kwa maelfu ya nyakati. Lau mkono ungalikuwa mashine, kila pigo lingalikuwa nakala ya lile lililotangulia. Picha zilitoa ushahidi mwingine. Bega, kiwiko na kifundo havikupita njia ile ile mara mbili. Kila pigo lilikuwa na njia zake. Kilichotulia kuliko vyote ni ncha ya nyundo, iliyofika pale pale palipokusudiwa. Viungo vilikuwa vikisameheana: bega likizidisha, kiwiko kilipunguza. Fundi hodari hakuwa yule arudiaye mwendo mmoja, bali yule aitatuaye kazi ile ile upya kila mara. Bernstein aliyaita hayo marudio yasiyo marudio.

Tufikiri maana yake. Mkono una viungo vingi, na kila kiungo kina namna nyingi za kukunjika, hata njia za kukifikia kikombe kimoja hazina idadi. Hapana mtawala awezaye kuamuru kila msuli katika kila hatua. Ubongo hauamuru kila msuli peke yake. Huliweka lengo mbele, hubashiri, kisha huisikiliza mikono ikileta habari, na habari hizo huugeuza mpango njiani. Ndani ya taasisi iliyojengwa na mshairi ili kumgeuza mtu kuwa mashine, ilipatikana hoja ya wazi kwamba mkono wa mtu si mashine hata unapopiga nyundo.

Wote wawili walilipishwa. Gastev alikamatwa mwaka 1938 na kuuawa mwaka 1939, katika miaka ile ya mauaji. Bernstein alipata tuzo kubwa ya dola mwaka 1948 kwa kitabu chake kikuu juu ya ujenzi wa mwendo. Baada ya muda mfupi akashutumiwa kwamba amekengeuka mafundisho ya Pavlov, akapokonywa kazi yake ya utafiti. Alifariki mwaka 1966. Mwaka 1967 maandishi yake yalitoka kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi katika ulimwengu wa nje ya Urusi walipojua kwamba maswali waliyokuwa wakijiuliza yalikwisha kuulizwa Moscow miaka arubaini nyuma. Kwa mfasiri kama mimi, tarehe hiyo ina uchungu wake. Kazi nzima ya mtu ilingoja mlangoni kwa kukosa mtu wa kuivusha.

Wakati huo huo swali la Anaxagoras lilikuwa likifukuliwa ardhini, na safari hii jirani yetu. John Napier, daktari wa Kiingereza, alionyesha mwaka 1956 kwamba kwa wingi wa vitu tuvishikavyo, mkono una mishiko mikuu miwili tu: mshiko wa nguvu, kama tushikavyo mpini wa jembe kwa kiganja kizima, na mshiko wa usahihi, kama tushikavyo sindano kwa ncha ya gumba na kidole cha shahada. Kisha mwaka 1960, katika Bonde la Olduvai, Tanganyika, ilifukuliwa mifupa ya mkono wa kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 1.8 iliyopita. Napier aliichunguza. Tarehe 4 Aprili 1964, wiki tatu kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, yeye pamoja na Louis Leakey na Phillip Tobias walitangaza jina la kiumbe huyo: Homo habilis, yaani mtu stadi, mtu mwenye mkono. Ubongo wake ulikuwa mdogo sana ukilinganishwa na wetu, na mawe yaliyochongwa yalipatikana katika matabaka yale yale. Wapo wataalamu wanaoshuku hadi leo kama mifupa ile ya mkono ni ya kiumbe huyo au ya jirani yake. Lakini kwa mara ya kwanza hoja ya Anaxagoras ilikuwa na mifupa ya kuitetea: mikono ilikuwa kazini kabla ubongo haujafikia ukubwa wake.

Tukitoka kwenye mifupa tukarudi kwa walio hai, hatua iliyofuata ilipigwa mjini Lyon, Ufaransa. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Marc Jeannerod alipiga filamu ya watu wakifanya jambo dogo kabisa: kunyoosha mkono na kukitwaa kitu kilicho mezani. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1981 na 1984 ni mepesi kuyahakikisha, na msomaji aweza kuyatazama kwenye meza yake. Vidole havingoji kufika ndipo vifunguke. Mara mkono uondokapo huanza kujipanua, ukapanuka kupita ukubwa wa kitu chenyewe, ukafikia upana wake wa mwisho kiasi cha theluthi mbili hadi robo tatu ya muda wa safari, kisha ukaanza kujifunga, hata ukagusa kwa kipimo. Kitu kikiwa kikubwa, upana huwa mkubwa. Kikiwa kidogo, huwa mdogo. Na mambo yote haya hutendeka hata mwenye mkono akizuiwa asiuone mkono wake. Maana yake ni kwamba umbo la kikombe limekwisha kufika vidoleni kabla vidole havijafika kikombeni. Mkono huenda ukiwa umekwisha kukishika kitu hewani.

Mguso nao ukifika, mashauriano hayakatiki. Roland Johansson na Göran Westling, wa Umeå, Uswidi, walichapisha mwaka 1984 uchunguzi wa watu wakiinua kitu kidogo kwa gumba na kidole cha shahada, upande wa kushikia ukibadilishwa: mara hariri, mara ngozi laini, mara msasa. Waliona kwamba vidole hubana kwa nguvu iliyozidi kidogo tu ile ya kukizuia kitu kisiteleze. Hariri hubanwa zaidi, msasa hubanwa kidogo, na kipimo hicho hupatikana mara tu ngozi iugusapo. Kitu kikianza kuteleza hata kwa unywele, vidole hukaza katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla mwenyewe hajatambua kwamba kuna kilichoteleza. Vidole vikitiwa ganzi, hekima hiyo hupotea. Aidha mkono huja na kumbukumbu ya uzito. Aliyepata kuinua ndoo aliyodhani imejaa, kumbe ni tupu, akaiona ikiruka juu, ameonja utabiri wa ubongo wake ulipokosea. Kisa cha yule mama wa Charles Bell kilikuwa kimepata vipimo vyake.

Jiwe la mwisho liliondolewa na msiba. Mwaka 1988 mwanamke mmoja, ajulikanaye katika vitabu kwa herufi D.F. tu, alivuta hewa ya sumu iliyotoka kwenye hita mbovu ya maji bafuni. Aliokoka, lakini sehemu ya nyuma ya ubongo wake ilidhurika. Macho yake yalibaki mazima. Aliona rangi, aliona uso wa kitu kama ni laini au una mikwaruzo, ila hakuweza kutambua umbo. Umwonyeshe kalamu, hakujua kama imesimama au imelala. David Milner na Melvyn Goodale pamoja na wenzao walimwekea kisahani chenye ufa kama ule wa sanduku la posta, wakiugeuza huku na huku. Alipoulizwa ufa umeinamia wapi, alikisia tu. Alipopewa kadi na kuambiwa aitumbukize kana kwamba ni barua, mkono wake uliigeuza kadi njiani na kuitia ndani sawasawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Baadaye aliombwa aonyeshe kwa vidole upana wa kipande cha mbao, akashindwa. Alipoambiwa akitwae, vidole vyake vilifunguka kwa kipimo kinachostahili. Lakini kitu kikiondolewa na akangoja sekunde mbili tu kabla ya kuunyoosha mkono, ustadi huo ulitoweka. Mkono wake ulikuwa ukiona, lakini ulikuwa ukiona sasa hivi tu.

Kinyume chake kilikwisha kuandikwa zamani. Mwaka 1909 Rudolf Bálint, tabibu wa Budapest, alieleza habari za mgonjwa aliyevitambua vitu akavitaja majina, lakini mkono wake wa kulia haukuweza kuvifikia. Akikata nyama, kisu alichokishika mkono huo kilikuwa kikitafuta nje ya sahani. Mkono wa kushoto wa mtu yule yule, wenye kuongozwa na macho yale yale, haukuwa na taabu hiyo. Milner na Goodale waliwaweka wagonjwa wa aina hizi mbili bega kwa bega, wakatoa hoja iliyoushitua ulimwengu wa elimu hiyo: kuona si jambo moja. Kuna njia ya chini ubongoni, iendayo kuvijua vitu na kuvipa majina. Na kuna njia ya juu, iendayo kuvitenda. Wapo waliosahihisha hoja hiyo baadaye, wakionyesha kwamba njia hizo mbili hupeana habari kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni. Lakini msingi umesimama. Ndani ya kila mmoja wetu mna kuona kusikopita kwenye maneno, nako ndiko kuuongozako mkono.

Mahali penyewe pameanza kujulikana. Mjini Tokyo, Hideo Sakata na wenzake walikuta katika ubongo wa kima, nyuma ya utosi, chembe za fahamu zinazoamka kwa umbo la kitu fulani, na zinazoamka vilevile mnyama anapokishika. Mjini Parma, Giacomo Rizzolatti na wenzake walikuta mwaka 1988, mbele zaidi, chembe zisizojali ni msuli gani utumike, ila zajali ni mshiko gani: huu wa ncha za vidole, huu wa kiganja. Ni kana kwamba ubongo una msamiati wa mishiko. Mwaka 1992 walitangaza kwamba baadhi ya chembe hizo huamka hata kima asiposogea, akimtazama tu mtu mwingine akiokota kitu. Mengi yaliyosemwa baadaye juu ya chembe hizo yalipita kiasi. Jambo la msingi linatosha: kuutazama mkono wa mwenzio ukishika ni kuanza kushika. Huenda hivyo ndivyo mwanafunzi aketiye karibu na fundi wake ajifunzavyo, kabla fundi hajasema neno.

Matunda yake yameonekana. Mwaka 2012 ilichapishwa habari ya mwanamke aliyepooza kwa kiharusi miaka karibu 15, asiyeweza kusogeza mkono wala kusema. Kijidude chenye sindano ndogondogo kilitiwa ubongoni mwake, katika uwanja ule ule wa mkono uliochorwa na Penfield. Uwanja huo ulikuwa bado unapanga kushika, miaka yote hiyo, kwa mkono usioitika. Kwa mipango hiyo aliuongoza mkono wa chuma hata ukaiinua chupa ya kahawa na kuileta mdomoni. Mkono ule wa chuma haukuwa na habari za kurudisha: haukusikia joto wala utelezi, na mwenyewe aliuongoza kwa macho, kama yule mama wa mwaka 1833. Katika miaka iliyofuata wataalamu walianza kuzirudisha habari hizo pia, kwa kuigusa kwa umeme ile sehemu ya ubongo ipokeayo hisia za vidole.

Turudi sasa kwenye dharau tuliyoianza nayo. Historia hii haisemi kwamba mkono ni bwana na akili ni mtumwa. Hilo lingekuwa kupindua kiti na kuacha utumwa pale pale. Inasema kwamba katika kitendo cha kushika hapana mahali ambapo akili inakoma na mkono unaanza. Mchonga mlango anapoiweka patasi juu ya mti, akabashiri ugumu wake, akasikia nyuzi zake, akapunguza pigo kabla mti haujapasuka, anafikiri. Tena anafikiri kwa kasi ambayo ulimi hauna. Asipoweza kutueleza alivyofanya, si kwa sababu hajui. Ni kwa sababu ujuzi wake umepita njia isiyopita kwenye majina. Sisi tumeyafanya maneno kuwa kipimo pekee cha akili, tukampa mwenye kueleza cheti, na mwenye kutenda tukampa ujira wa siku. Mzee fundi akifa bila mwanafunzi, twasema pameondoka mtu. Akifa mwanachuoni, twasema imeondoka maktaba. Elimu iliyosimuliwa hapa haituruhusu tena kuvipima vifo hivyo kwa mizani mbili.

Na mshairi? Yeye amekaa mpakani. Kazi yake ni maneno, lakini maneno hayo kwa karne nyingi yametoka kwa kalamu iliyoshikwa kwa ncha ya gumba na kidole cha shahada, mshiko ule ule ambao Napier aliufuatilia katika mifupa ya Olduvai. Walionakili tenzi zetu kwa hati za Kiarabu walijua kwamba mkono uliozoea mizani huitambua mishororo iliyopungua kabla sikio halijahesabu. Tumezoea kusema fulani ana mkono, tukimkusudia fundi, mpishi au mwandishi, na tukadhani tunasema kwa mafumbo. Ni usemi wa kuchukuliwa kama ulivyo, kisha atafutwe huyo mwenye mkono angali hai, na vijana wakae karibu naye wamtazame.